Aibu Ilivyogeuzwa Dhamana ya Mkopo

Swali la kama utamaduni wa siku hizi unaheshimu utu wa binadamu huulizwa kwa mapana mno, na matokeo yake ni kwamba kila anayelijibu huishia kulalamikia kile ambacho tangu awali hakukipenda: huyu mavazi ya vijana, yule muziki, mwingine siasa za mitandaoni. Mimi nitalijibu kupitia jambo moja ninalolijua kwa karibu, kwa sababu kazi yangu ni uhasibu katika chama cha akiba na mikopo, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita kati ya watu wanaodai na watu wanaodaiwa. Jambo lenyewe ni namna maskini anavyodaiwa leo. Nimelichagua kwa kuwa ndani yake nimeona heshima ya mtu ikiwekwa rehani, ikikadiriwa thamani, na ikinadiwa hadharani siku rejesho linapochelewa.

Jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam ni mama ntilie. Anapika wali, maharage na samaki wa kukaanga karibu na kituo cha daladala, na mimi ni miongoni mwa wateja wake, ndiyo maana namba yangu ilikuwa kwenye simu yake. Asubuhi moja nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua, ukitaja jina lake kamili na kuendelea hivi: “Umewekwa kuwa mdhamini wake. Amekopa na amekimbia. Mwambie alipe leo kabla ya saa sita, la sivyo tutakuchukulia hatua wewe.” Sikuwa nimemdhamini mtu yeyote, na yeye hakuwa amekimbia popote, wakati ujumbe unaingia alikuwa anapuliza moto wa mkaa hatua chache kutoka nilipokuwa nimekaa.

Muda si mrefu ikafuata picha. Ilikuwa ya uso wake, ameshika kitambulisho cha Taifa chini ya kidevu, na juu ya picha yameandikwa kwa herufi nyekundu maneno TAPELI na ANATAFUTWA. Nyuma yake lilionekana kabati la vyombo na kalenda ya mwaka uliopita, na jicho lake moja lilikuwa limefumba kidogo kwa sababu ya mwanga wa dirishani. Picha hiyo alijipiga mwenyewe, nyumbani kwake, kwa kuwa programu ya mikopo ya kwenye simu ilimtaka athibitishe kwamba ndiye mwenye kile kitambulisho. Alitoa uso wake ili aaminiwe, na uso uleule ndio waliomfedhehesha nao.

Mkopo wenyewe ulikuwa wa shilingi 100,000, akamalizie mahitaji ya mwanawe aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Kilichoingia kwenye simu kilikuwa pungufu ya 70,000, kwa sababu kilichoitwa ada ya huduma kilikatwa mwanzoni kabisa, lakini siku ya saba alidaiwa 100,000 kamili. Alipoona siku inakaribia na biashara imedorora kwa ajili ya mvua, akakopa kwenye programu nyingine ili alipe ile ya kwanza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwake yeye hata siku ya kukopa haikuwa na shangwe yoyote.

Ujumbe na picha vilikwenda kwa watu wengi mno. Mama mkwe wake aliyeko kijijini alipata, mwalimu wa mtoto alipata, mwenye nyumba alipata, kijumbe wa mchezo wao wa upatu wa wanawake alipata, na fundi bomba aliyewahi kumwita mara moja tu naye alipata. Mama mkwe hajui kusoma, hivyo aliipeleka simu kwa mtoto wa jirani amsomee kwa sauti. Hilo jirani yangu aliniambia mwenyewe, akiwa ameinamia sufuria ili nisimwone usoni, na kati ya yote aliyonieleza ndilo lililomuuma zaidi.

Ni rahisi kusema kwamba haya ni matendo ya watu wakatili wachache. Nimefikiri sana juu yake na sikubaliani na maelezo hayo, kwa sababu ukatili wa mtu mmoja hauna utaratibu, na hapa upo utaratibu kamili. Anayetoa mkopo wa shilingi elfu hamsini au laki moja kwa mtu asiyemfahamu hana nyumba ya kushikilia, hana hati ya kiwanja wala kadi ya gari, na kumpeleka mdaiwa mahakamani kungemgharimu kuliko deni lenyewe. Angeweza kuchunguza kwanza kama mkopaji ana uwezo wa kulipa, lakini uchunguzi unakula muda, na biashara yake yote imejengwa juu ya ahadi kwamba fedha zitaingia ndani ya dakika tano. Basi akatafuta dhamana ambayo hata fukara anayo, inayochukuliwa bila kusafirishwa na kunadiwa bila dalali. Akaikuta ndani ya simu: orodha ya watu ambao mkopaji asingependa wajue kwamba amekwama.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya maskini na tajiri ilivyo kubwa kuliko tofauti ya mali. Mfanyabiashara akikopa benki kwa kuweka rehani nyumba yake na akashindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na marekebisho yake inamtaka mkopeshaji ampe notisi ya siku 60 kabla hajaanza kutumia haki zake juu ya ile nyumba. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 nayo inawafunga watumishi wa benki wasitoe nje siri za mteja. Mtu anaweza kudaiwa mabilioni na bado akakaa meza kuu kwenye harusi bila mgeni yeyote kujua, na mimi sioni ubaya katika hilo, kwa sababu deni lake haliwahusu wageni wa harusi. Ninachouliza ni kwa nini siri ya mdaiwa wa mabilioni ilindwe na sheria, na siri ya mdaiwa wa laki moja iwe ndiyo rehani yenyewe.

Siwezi kusema kwamba hapo kale mambo yalikuwa bora, na sipendi mazungumzo ya utu yanayodhani kwamba babu zetu wote walikuwa malaika. Neno rehani lina historia chungu katika pwani yetu. Katika njaa za karne ya 19, familia za bara nyuma ya Mombasa ziliwaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka, kwa makubaliano kwamba mazao yakipatikana watakombolewa, na wapo ambao hawakukombolewa kamwe bali waliishia utumwani. Heshima yenyewe mjini ilikuwa ya waungwana. Mtumwa hakuvaa viatu wala kofia mbele ya bwana wake, na mtumwa wa kike alijulikana kwa kaniki aliyojifunga. Utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo watu walioachwa huru waliyafanya ni kununua kanga, kanzu na buibui. Watu waliokuwa wamepokonywa heshima walijua vizuri umuhimu wa kujisitiri, na walikuwa tayari kutoa fedha zao chache kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo lazima nikiri jambo moja kwa upande wa usasa: wazo kwamba kila mtu, bila kujali ukoo wala hali, ana utu usiopungua, lilipata nguvu ya maandishi katika zama zetu. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilisema katika ibara yake ya kwanza kwamba watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miongoni mwa imani zake za mwanzo kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kila mtu anastahili heshima. Hati ya Haki ilipoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, ibara ya 12 ilitamka kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na ibara ya 16 ikaongeza hifadhi ya nafsi yake, familia yake na mawasiliano yake ya binafsi. Hakuna mtumwa wa mwaka 1850 aliyekuwa na karatasi ya namna hiyo ya kushika mkononi. Jirani yangu anayo, na bado picha yake ilisambazwa.

Wala tusiilaumu simu peke yake. Kabla programu za mikopo hazijaenea, mitaa yetu ilikwisha kuijua mikopo ya kausha damu, ile ambayo mwanamke anakopeshwa leo na kesho anaanza marejesho ya kila siku au kila wiki, kikundi kizima kikidhaminiana. Mmoja akikwama, wenzake hukalishwa kwenye jamvi na afisa mikopo tangu asubuhi, na hakuna anayeruhusiwa kwenda kwenye biashara yake mpaka fedha zipatikane. Matokeo yake ni msafara wa kwenda kwa aliyekwama: wanatoa godoro, wanatoa televisheni, wanatoa mitungi ya gesi, majirani wamesimama wanatazama, watoto wametoka shule na wamekuta kitanda kitupu. Nimesikia wanawake wakisimulia kwamba walilala kwa ndugu wiki nzima kumkwepa afisa, na wengine kwamba ndoa zilivunjika kwa sababu mume alijua habari za mkopo siku ile vitu vilipotolewa nje. Simu imeukuta utaratibu huo ukiwa tayari, ikauondolea jamvi na msafara, na ikaongeza idadi ya watazamaji.

Wapo wanaonijibu kwamba mkopaji aliridhia mwenyewe. Alibonyeza kitufe cha kukubali, akaruhusu programu isome namba zake, basi alalamike nini? Hoja hii naichukulia kwa uzito, kwa kuwa mikataba ndiyo kazi yangu, na chama chetu kingekufa kama wanachama wasingefungwa na sahihi zao. Lakini ridhaa ina masharti yake. Anayeridhia anapaswa kuelewa anachokiridhia, na masharti ya programu nyingi yameandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, kwa herufi ndogo, kurasa na kurasa, yakimngoja mtu ambaye mtoto wake anarudishwa nyumbani kesho yake. Pamoja na hayo, mama mkwe hakuridhia chochote. Mwalimu hakuridhia. Namba zao zilichukuliwa bila wao kujua, kisha wakatumika kama bakora ya kumchapia mtu mwingine, na sijaona mkataba wowote duniani unaompa mtu mmoja mamlaka ya kuwakabidhi jamaa zake wote kwa kampuni.

Wengine husema dawa ya deni ni kulipa, na hapo sibishani nao hata kidogo. Anayekopa kwa nia ya kutolipa anakula akiba ya wajane na walinzi waliojinyima, na nimewaona watu wa aina hiyo kwa macho yangu. Ila kudai na kufedhehesha ni mambo mawili, na dini zetu ziliyatenganisha zamani sana. Qurani katika sura ya pili, aya ya 280, inaelekeza kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki angojewe mpaka afarijike. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamkataza mwenye kukopesha asiingie nyumbani kwa jirani yake kuchukua rehani, bali asimame nje, na mwenye nyumba amletee rehani hapo alipo. Sheria hiyo ya kale haikufuta deni wala rehani, iliweka tu mpaka kwenye kizingiti, kwa sababu waliotunga walijua kwamba mtu anayeingiliwa ndani, watoto wake wakiona, anapoteza kitu kisichoandikwa kwenye hesabu. Simu ya leo ndiyo chumba cha ndani cha mtu. Humo mna picha za watoto, ujumbe wa mume, majibu ya hospitali, na mdai wa leo anaanzia humo, kabla hata deni halijaiva.

Serikali za eneo letu hazikukaa kimya, na ni haki kulisema hilo. Kenya, ambako mikopo ya simu ilishamiri mapema tangu M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012, ndiyo iliyoumia kwanza na ndiyo iliyojifunza kwanza. Mwezi Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wa kidijitali wasiokuwa na usimamizi wasipeleke tena majina ya wadaiwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na ikapiga marufuku mtu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000 za huko. Kanuni za mwaka 2022 zikawataka wapate leseni na zikawakataza kutumia vitisho, lugha chafu na orodha ya namba za mteja katika kudai. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitangaza faini tatu kwa pamoja: kampuni yenye programu mbili za mikopo ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kutuma ujumbe wa vitisho, mkahawa mmoja jijini Nairobi ukatozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nimezitaja zote tatu kwa makusudi, kwa sababu zinaonyesha kwamba mkopeshaji anayesambaza uso wa mdaiwa, mwenye mkahawa anayetangaza biashara kwa uso wa mteja, na shule inayojinadi kwa nyuso za wanafunzi wana dhana moja kuhusu uso wa mtu, kwamba ni mali ya yeyote aliyefanikiwa kuupiga picha.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka huohuo wa 2024, na mwezi Novemba ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Hata kampuni ya Google ilibadili masharti ya duka lake, hivi kwamba kuanzia 31 Mei 2023 programu za mikopo binafsi hazikuruhusiwa tena kusoma orodha ya namba wala picha zilizomo kwenye simu. Hatua hizi zimepunguza madhara, nami nazishukuru. Lakini programu iliyofungiwa leo huzaliwa kesho kwa jina jingine na kusambazwa kwa kiungo cha WhatsApp nje ya duka lolote, na ile yenye leseni inaweza bado kumtaka mkopaji ataje watu kadhaa wa karibu, eti kwa ajili ya rejea.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni ya wakopeshaji tu, ambao hakuna aliyewahi kuwatarajia wawe watakatifu. Ningependa angalizo langu lifike mbali kidogo. Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya umma ya uzazi jijini Nairobi baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipia huduma, na Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwazuia kulivunja haki zao za kikatiba. Hapo aliyeshikilia rehani alikuwa mwenye dhamana ya uhai, na rehani ilikuwa miili ya wazazi wenye watoto wachanga. Maiti nazo zimewahi kuzuiliwa vyumba vya kuhifadhia, nchini Kenya na hapa kwetu, mpaka ndugu wakachangishana. Kila mara hesabu ni ileile: asiye na mali ana mwili, ana jina, ana ndugu wanaomwonea haya, na mfumo uliokwisha kumaliza kudai mali hugeukia hivyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972 na Tanzania mwaka 1976, unakataza mtu kufungwa gerezani kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Waliouandika waliwaza gereza lenye kuta, na sidhani kama ingewapitia akilini kwamba siku moja mtu angeweza kubaki huru, akipika wali kando ya barabara, huku kila anayepita akimtazama kama mhalifu anayetafutwa.

Nimewahi kuzungumza na kijana aliyefanya kazi ya kupiga simu za madeni. Alikuwa amehitimu chuo, hana ajira, akachukuliwa kwa malipo yanayotegemea kiasi anachokusanya. Alinieleza kwamba walipewa maneno ya kusema kwa hatua: siku ya kwanza heshima, siku ya pili ukali, siku ya tatu ndugu na majirani, na kwamba asiyefikisha lengo la wiki alipungukiwa hata nauli. Aliacha baada ya mama mmoja kumjibu kwa kumwita “mwanangu” na kumuuliza kama mama yake mzazi anajua kazi anayoifanya. Simtetei, lakini sitaki kumfanya yeye ndiye shetani wa hadithi hii, kwa kuwa waliotunga yale maneno ya hatua tatu hawakuwahi kumpigia mtu simu hata mara moja.

Kuna sehemu ya jambo hili inayotuhusu sisi tuliopokea ujumbe, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Aibu haina thamani kama hakuna wa kuitazama. Mkopeshaji anaweza kutuma picha kwa namba mia, na isingemsaidia kitu kama wale mia wangeifuta na kuendelea na shughuli zao. Anaituma kwa sababu anatujua. Anajua kwamba mmoja ataipeleka kwenye kundi la mtaa akiandika “jamani huyu si yule mama wa chakula?”, mwingine ataongeza alama za kucheka, na wa tatu atakumbuka kwamba huyo mama alimrudishia chenji pungufu wiki ile. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kundi la mtaa wetu. Watu haohao ambao akifiwa watakwenda kumpa pole na kukesha naye msibani hawakuona tatizo kuujadili uso wake kuanzia mchana mpaka usiku. Wateja kadhaa waliacha kula kwake, nao hawakuwa wanamdai chochote. Deni alimaliza baada ya kuuza friji. Wale wateja wengi wao hawajarudi, na sasa anapika nusu ya wali aliokuwa akipika zamani.

Namna nyingine ya kudai ipo, na nitaieleza kama tunavyoifanya kwenye chama chetu. Mwanachama akichelewesha rejesho, jambo la kwanza ni simu kutoka kwangu, yeye peke yake, kumuuliza kuna nini. Mara nyingi jibu ni ugonjwa, au mshahara uliochelewa, au msiba. Asipoeleweka hupelekewa barua kwenye bahasha iliyofungwa, kisha huitwa mbele ya kamati ya mikopo, na mlango hufungwa. Wadhamini wake huarifiwa pia, kwa sababu wao walitia sahihi wakijua wanachokifanya, lakini hakuna mtu wa nne anayeambiwa. Tunaangalia mapato yake upya, tunarefusha muda, na ikibidi tunakata kwenye akiba zake kwa mujibu wa masharti ya chama. Inachosha. Kikao kimoja kinaweza kula jioni nzima kwa ajili ya mtu mmoja, na tunayo mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, kama chama kingine chochote. Lakini tunaweza kufanya hivyo kwa sababu tulimfahamu mtu kabla ya kumkopesha na tulimkopesha kwa kipimo cha akiba yake, wakati biashara ya dakika tano imejiondolea yenyewe nafasi ya kumfahamu. Kanuni za nchi yetu zikisema riba ya wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, zimegusa bei ya fedha. Bado hazijagusa vya kutosha hiyo haraka inayomfanya mtu akopeshwe kabla hajajulikana, na kwa maoni yangu hapo ndipo wasimamizi wanapopaswa kukaza: asiyeweza kuchunguza uwezo wa mkopaji asiruhusiwe kukopesha, na mkopo uliotolewa bila uchunguzi huo usiwe na nguvu ya kudaiwa kwa njia yoyote inayomgusa mtu wa tatu.

Mpaka hilo lifanyike, yako mambo ambayo kila mwenye simu anaweza kuyafanya. Ujumbe wa namna hii ukikufikia, usiupeleke kwenye kundi lolote, hata kwa nia ya kuuliza kama ni kweli. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba iliyotuma, tarehe na saa, kisha mtumie mhusika mwenyewe, faraghani, umwambie hujamwonyesha mtu mwingine. Ujumbe huo ni ushahidi wake, na akitaka kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi au Benki Kuu ataombwa vielelezo. Ndugu walioupokea nao wanaweza kulalamika kwa niaba yao wenyewe, kwa kuwa taarifa zao pia zimetumika bila ridhaa. Namba hizo hubadilishwa upesi sana, wakati mwingine ndani ya siku moja, kwa hiyo kielelezo kichukuliwe siku ileile.